Tulifukuza pepo, kopo ikabaki sokoni

Bwana mhariri,

Salamu kutoka Kadutu, hapa Bukavu. Naandika ju ya ile barua mliyotoa juma mbili zimepita, ya yule msomaji aliyesema jumapili analia mbele ya madhabahu na jumanne amesharudia ile ile, akauliza kama mutu anayetenda dhambi akijua kabisa kwamba ni dhambi bado ana nafasi kwa Mungu ao mlango umeshafungwa. Niliisoma nikiwa nimekaa juu ya gunia, nikairudia mara mbili. Hakutaja dhambi yake na mimi sitaki kukisia. Ila nilijua anaongea nini, ju niliishi hivyo miaka tisa.

Majibu ya wasomaji juma lililofuata ndo yamenifanya nishike kalamu. Mmoja alimwambia aongeze maombi. Mwingine akasema hiyo ni roho ya ukoo, aende afunguliwe. Wa tatu, huyo aliniudhi kabisa, akamjibu kwa mstari mmoja kwamba hajawahi kuokoka, kwisha. Sasa mutu anazama ziwani, wewe unamuomba kwanza karte ya uchaguzi kama kitambulisho?

Basi niseme yangu, hata kama wenzangu wa soko watanijua. Wengi wanajua tayari.

Nauza maharagi. Kwa wale wasiojua soko letu, hapa hatupimi na mizani, tunapima na kopo, ile ya bati iliyokuwa na maziwa ya unga ya watoto. Mteja anaangalia juu, akiona kopo imejaa mpaka imefanya kilima anaridhika, hata anaomba matabishi na wewe unamuongezea punje kumi na tabasamu. Ufundi uko chini. Unageuza kopo mdomo chini juu ya jiwe, unachukua nyundo ndogo, unagonga kitako polepole ukizunguka, kidogo kidogo, ju ukigonga kwa hasira bati inapasuka na kazi imekufa. Ukimaliza kitako kimeingia ndani kama tumbo la mutu mwenye njaa. Kopo nzuri inabeba viganja tisa vya mkono wangu. Ile yangu ilibeba nane.

Kiganja kimoja. Nilikuwa najiambia kiganja kimoja ni nini. Lakini siku nzuri nauza kopo sitini, na siku moja nilipiga hesabu bila kutaka: viganja sitini ni karibu kopo saba kila siku, kopo arobaini kwa juma, za watu, zimelala kwenye gunia langu. Nikaacha kupiga hesabu. Kupiga hesabu sikuweza, kuendelea kupima niliweza.

Na msidhani sikujua. Hapo ndo penye neno lenyewe. Mimi niko kwaya tangu ujana, mstari wa Mithali 11 ule wa mizani ya hadaa kuwa chukizo kwa Bwana naujua kwa kichwa, na Amosi sura ya 8 inayowasema watu wanaopunguza efa, kipimo cha nafaka, na kuongeza shekeli, uzito wa kupimia feza, nimewahi kuisoma mimi mwenyewe kanisani, kwa sauti, suti imepigwa pasi. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nafungua kibanda, naishika kopo, kidole gumba kinapapasa kitako na najua kabisa nachofanya. Biblia yenyewe inatofautisha haya mambo. Hesabu 15 inaongea ju ya mutu aliyekosa bila kujua, anatolewa mbuzi mke wa mwaka mmoja na yanakwisha, alafu inageuka kwa yule anayekosa kwa makusudi, kwa kiburi, na maneno yanakuwa makali mpaka unataka kufunga kitabu. Mimi nilikuwa wa pili. Mwenye kukosa bahati mbaya hachukui nyundo.

Nilijaribu kuacha, kweli nilijaribu, tena kwa njia zote zinazojulikana mjini humu. Nilifunga siku tatu kavu. Nilikesha. Nilienda kwenye chumba kimoja cha maombi ambako walinishika kichwa wakaita pepo la udanganyifu kwa jina, nikaanguka, nikainuka nimechafuka vumbi na nimefurahi sana, nikatoa na sadaka. Siku hiyo sikupunja mutu. Siku ya pili sikupunja. Siku ya tatu bei ilipanda kule tunakochukua, nikaangalia chini ya meza na kopo ilikuwa pale pale nilipoiacha, haikukemewa na mutu, ikaniangalia nikaiangalia. Tulifukuza pepo, kopo ikabaki sokoni. Sisemi mapepo hayako, nimesoma Injili, yako. Nasema tu pepo hana mikono ya kushika nyundo, ile mikono ilikuwa yangu, na ule usiku wa maombi hakuna mutu hata mmoja aliyeniuliza: papa, unafanyaje hasa? na kitu gani? na wapi?

Na yule mama. Anaimba kwaya moja na mimi, mama wa makamo, mjane. Alikuwa ananunua kwangu kila jumamosi. Siku moja akaja na kopo yake toka nyumbani, akaniacha nipime na yangu, alafu mbele yangu akamimina ile maharagi kwenye kopo yake. Haikujaa. Ilibaki nafasi ya vidole viwili. Hakusema kitu. Akarudisha maharagi kwenye gunia langu taratibu, akachukua feza yake, akaenda kwa jirani. Kesho yake kanisani akanipa mkono, Bwana asifiwe, nikajibu Amina. Ningependa kuwaambia kwamba siku hiyo nilitubu. Hapana. Miezi mitatu nilipanga kwaya kwa namna ambayo nisisimame karibu naye. Mutu akizoea dhambi ya makusudi hakosi akili, akili iko, inafanya kazi usiku na mchana, ila yote inafanya kazi ya kujificha.

Sasa ule mstari ambao nadhani ndo unamtesa ndugu yetu, Waebrania 10:26: "Maana, kama tukifanya dhambi kusudi baada ya kuupokea ujuzi wa ile kweli, haibaki tena dhabihu kwa ajili ya dhambi." Huo mstari uliniamsha usiku mara nyingi. Wahubiri wengi wanauruka, ao wanaupunguza makali, ao wanautumia kama fimbo kwa wasichana wa kwaya peke yao, na mimi si mwanafunzi wa teolojia, nilifika darasa la nne ya sekondari. Lakini kusoma najua, na neno la kwanza pale ni "Maana". Maana ya nini? Rudi nyuma mstari mmoja tu: tusiache kukusanyika pamoja kama ilivyo desturi ya wengine, bali tuonyane. Tuonyane, maana kama tukifanya dhambi kusudi. Yaani yule mwandishi hakuweka lile onyo peke yake juu ya mlima, aliliweka mara moja nyuma ya dawa. Anawaandikia watu walioanza kujitenga mmoja mmoja, wanataka kumwacha Kristo kabisa, na mstari wa 29 unasema ni mutu gani huyo: aliyemkanyaga Mwana wa Mungu. Mutu anayelia jumapili ju ya dhambi yake hajafika kumkanyaga. Lakini njia anayotembea inaelekea huko, na sitamdanganya kwamba haielekei, ju mimi nilianza kuona hata machozi yangu yanapungua. Mwaka wa kwanza nililia. Mwaka wa saba nilikuwa nasema tu "Mungu anajua moyo wangu", na kweli alikuwa anaujua, ndo ilikuwa shida.

Alafu kuna Petro. Watu wanapenda kusema Petro alianguka, kama mutu aliyeteleza kwenye matope ya Kadutu mvua ikinyesha. Alikana mara tatu, ndugu zangu, na alikuwa ameonywa jioni ile ile kwa hesabu kamili, na mara ya tatu alianza kulaani na kuapa. Hiyo si kuteleza. Yohana anasema alikuwa anaota moto wa makaa na wale watumishi. Na baada ya kufufuka, Yesu anamngojea pwani, na Yohana huyo huyo anaandika tena kulikuwa na moto wa makaa. Sisi tunaopika na makaa kila siku tunajua harufu yake inavyoshika kwenye nguo. Akaulizwa mara tatu mbele ya wenzake: wanipenda? Mara tatu alikana, mara tatu anaulizwa, kwenye harufu ile ile. Hakupelekwa pembeni kuambiwa yamekwisha tusahau. Alirudishwa kwenye makaa.

Na mimi nilirudishwa kwenye kopo. Kuna mzee wa kanisa letu, seremala, mutu wa maneno machache na vidole vyake viwili vimekatwa na msumeno. Nilienda kwake usiku mmoja kwa sababu nyingine kabisa, nilitaka anitengenezee meza, na sijui ilikuwaje nikajikuta nimesema yote. Yakobo 5:16 tunaijua wote, ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, lakini kwetu tunaungama kwa jumla, "nimekuwa dhaifu ndugu zangu mniombee", na kanisa lote linasema Amina bila kujua linaombea nini. Mzee alinisikiliza, hakufumba macho aanze kuomba. Akauliza:

– Ile kopo iko wapi sasa?

– Iko soko, muzee.

– Asubuhi nitakuja tuione.

Saa kumi na mbili alikuwa amefika kabla yangu, amekuja na nyundo yake. Akageuza kopo, akaangalia, akacheka kidogo, akasema umegonga vizuri, ulipaswa kuwa fundi bati. Alafu akanipa nyundo nitoe kitako nje mimi mwenyewe. Haikurudi sawa, bati ikishakunjwa haisahau, ikapasuka pembeni. Akanituma kununua nyingine kwa feza yangu, na ile iliyopasuka akaifunga kamba akaitundika juu ya kibanda. Alafu akakaa juu ya gunia mpaka saa sita mchana, anakunywa chai tu, na kila mteja wangu wa siku zote aliyefika, mzee ananiangalia, na mimi namwambia. Mama, nilikuwa nakupunja. Papa, kopo ilikuwa ndogo. Sijawahi kutoka jasho vile hata siku ya kubeba magunia.

Wengine walicheka. Mmoja akasema kwani ni wewe peke yako, kopo zote za hapa ni vile. Mama mmoja anayepikia wachukuzi chakula, yeye ananunua kopo tano kila siku, hakucheka. Alipiga kelele mpaka watu wakajaa, akasema ndo maana alikuwa kila mwezi haoni faida, alidhani msichana wake wa kazi anaiba na alimfukuza. Hilo sikulitegemea. Nilikuwa nimehesabu maharagi, sikuwa nimehesabu yule msichana. Tulimtafuta, tukampata kwa dada yake, mtaa wa Bagira, mama akamuomba msamaha na mimi nikamuomba, alitusamehe lakini kazi hakurudi, alikuwa ameshaanza nyingine.

Majirani zangu wa soko nao walinichukia, na nawaelewa. Ile kopo iliyotundikwa ilikuwa inawasema.

Hesabu ya kurudisha tulifanya kwenye kaye, yaani daftari. Zakayo, yule mtoza ushuru, alisema atarudisha mara nne, Luka 19, na alisema kabla Yesu hajasema wokovu umefika nyumba hii. Mzee akasema mara nne wewe utafunga kibanda na watoto watalala njaa, tuchukue ya Walawi 6, mutu aliyedhulumu arudishe yote na aongeze sehemu ya tano. Waliojulikana, watu kumi na moja, nililipa kwa maharagi, yule mama wa chakula peke yake alichukua gunia zima kidogo kidogo kwa miezi minne. Wasiojulikana, ndo wengi, kila kopo napima naongeza kiganja na kidogo juu, bila kusema, mpaka leo. Mke wangu ni mkatoliki, yeye hakushangaa hata kidogo, akasema kwao padri angekuuliza hilo hilo: utarudisha? Augustino, yule askofu wa Hippo pande za Algeria ya leo, aliyekufa mwaka 430, aliandika kwenye barua yake moja kwamba dhambi haisamehewi kama kilichochukuliwa hakirudishwi wakati kinaweza kurudishwa. Mwafrika mwenzetu huyo. Na hata sisi waprotestanti tulikuwa tunajua, ule uamsho uliotoka Gahini hapo Rwanda miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Burundi na mpaka kwetu, watu wake walijulikana kwa kurudisha vitu walivyoiba na kuungama kwa kutaja kitu chenyewe. Lini tulibadilisha hiyo na kuanguka chini na kupiga makofi, mimi sijui. (Na mnisamehe, kuna wengine nao waligeuza kuungama kuwa maonyesho, mutu anasimulia uzinzi wake kwa raha mpaka vijana wanatamani. Hiyo si ninayoisema.)

Mutu atasema basi papa unafundisha wokovu wa matendo. Hapana. Kama Kristo hakulipa deni langu, kurudisha maharagi kungenipeleka wapi, ni maharagi tu. Lakini Paulo anauliza kwenye Warumi 6, tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? na anajijibu Hasha. Tito 2 inasema neema inatufundisha kukataa ubaya. Inafundisha! Mwalimu akikufundisha miaka tisa na wewe unarudia darasa lile lile, kosa si la mwalimu, na siku moja utashika chaki mwenyewe uandike jibu.

Je, sijaanguka tena? Nimeanguka. Tangu benki zifunge milango hapa mwanzoni mwa 2025 feza imekuwa taabu, minervali, ada ya shule ya watoto, inangojea, na jioni moja nilichanganya maharagi ya zamani yenye wadudu chini ya gunia la mapya, nikijua, tena nimeangalia kushoto na kulia kwanza. Kopo ilikuwa nzima kabisa, moyo ndo ulitafuta tundu lingine. Nilifunga kibanda nikatembea mpaka karakana ya mzee usiku huo huo. Nilimkuta anapiga randa, hakusimama, akasema tu "umeuza ngapi?" Nilikuwa nimeuza nne. Mbili nilijua ni za nani. Zaburi 19 ina ombi dogo nimelifanya langu la asubuhi, umzuie mtumishi wako asitende mambo ya kiburi, yasinitawale mimi. Yasinitawale. Daudi hakuomba awe mutu asiyejaribiwa. Na Mithali 24 inasema mwenye haki huanguka mara saba na kuinuka. Zamani nilichukua miaka tisa kuinuka, safari hii masaa matatu, na kwangu hiyo si kitu kidogo.

Kwa hiyo ndugu wa ile barua, sikuulizi umeomba mara ngapi. Nakuuliza kama yule mzee: iko wapi sasa ile kopo? Kijana mmoja wa kwetu yake ilikuwa simu, ananunua mega za usiku, yaani intaneti, ju ni bei chini, saa sita za usiku peke yake chini ya blanketi. Alikuja kwa mzee akilia, mzee akamwambia kuanzia leo simu inalala kwa mama yako, sebuleni, na wewe mwenyewe utamwambia kwa nini. Kijana alisema afadhali afunge siku saba. Hiyo ndo dalili, Bwana mhariri, ukiona mutu anachagua kufunga siku saba kuliko kumwambia mama yake maneno matatu, umeshajua kopo iko wapi. Mwingine yake ni njia anayopitia akitoka kazini. Mwingine ni namba moja kwenye simu, ameibandika jina la fundi wa bomba. Yesu alisema kung'oa jicho na kukata mkono, na tunajua hakutaka visu, lakini pia hakusema uuombee mkono huku umeshika.

Na usiende kwa mutu yeyote tu. Tafuta mwenye kufunga mdomo na asiyeshtuka haraka. Kama kanisa lako lote hakuna mutu wa hivyo, hiyo nayo ni habari, na pengine barua ijayo mngeandikia viongozi.

Nimeandika ndefu, mkitaka kupunguza punguzeni kule mwanzo.

Yule mama wa kwaya amerudi kununua kwangu. Anakuja jumamosi, bado na kopo yake mwenyewe mkononi, hajaiacha nyumbani hata siku moja. Ananipa, mimi napima na ile yake.

Muuza maharagi,
Kadutu, Bukavu